Betri ya pili mpya, na Jumatatu gari bado halishiki

SWALI

Hujambo fundi,

Nina Toyota Fielder ya mwaka 2009, ya petroli, otomatiki, injini ya 1500. Nakaa Luanda, kaunti ya Vihiga, na shule ninayofundisha iko umbali wa kilomita tatu hivi. Siku za kazi naendesha asubuhi na jioni, kisha Ijumaa jioni naliegesha hadi Jumatatu. Jumatatu ndiyo taabu: nikizungusha ufunguo stata inafanya tak-tak-tak, taa za dashibodi zinafifia, na inabidi jirani anijampishe kwa betri ya gari lake. Katikati ya wiki gari linawaka, ila asubuhi stata inazunguka kwa uvivu. Nikitoka safari ya Kisumu linakuwa na nguvu siku mbili tatu, halafu hali inarudi ile ile.

Betri ya zamani niliitoa nikanunua mpya, ya saizi ya NS60, kwa shilingi 9,500. Haikumaliza miezi mitano kabla ya kuanza kufa. Duka wakanibadilishia, na hii ya pili nayo sasa inafanya vilevile. Fundi mmoja alisema ni alteneta, kile kifaa cha injini kinachochaji betri. Ili kuhakikisha, alichomoa terminali ya betri injini ikiwa inanguruma. Gari halikuzima, akageuza neno akasema basi betri ni feki. Fundi mwingine alipima kwa mita injini ikiwa imewashwa akapata volti 14.2.

Kuna mambo mawili zaidi. Gari lina redio ya Android yenye skrini kubwa, niliyoweka kwa sababu ile iliyotoka nayo Japani haikushika stesheni zetu nyingi, na lina traka (kifaa cha kuonyesha gari liko wapi) iliyowekwa na sacco walionipa mkopo. Tena, nikichomoa terminali ya betri Ijumaa, Jumatatu gari linashika mara moja. Ila nikifanya hivyo kampuni ya traka hunipigia simu kuuliza kwa nini umeme umekatwa.

Je, ninunue betri ya tatu iliyo kubwa zaidi, au nibadilishe alteneta?

Mwalimu, Luanda

JIBU

Mwalimu, usinunue betri ya tatu, na alteneta iache ilipo kwa sasa. Barua yako tayari ina kipimo kinachoshinda vyote ulivyofanyiwa na mafundi: ukichomoa terminali Ijumaa, Jumatatu gari linashika. Betri mbovu ingeisha hata ikiwa haijaunganishwa na kitu. Yako ikiachwa peke yake inatunza nguvu wikendi nzima, na ikiachwa imeungwa na gari inaisha. Kuna kitu ndani ya gari kinachokula umeme baada ya wewe kutoa ufunguo na kwenda zako.

Kila gari la siku hizi hula kidogo likiwa limezimwa, kwa ajili ya saa, kumbukumbu ya kompyuta ya injini na kile kidude kinachongoja rimoti. Kwa Fielder kiasi hicho kinatakiwa kiwe kati ya miliampea 20 na 50. Kikipita 50, tafuta mwizi.

Hebu tupige hesabu, kwa sababu inaeleza kila dalili uliyoandika. NS60 ina takriban ampea-saa 45, yaani ingeweza kutoa ampea moja, ambayo ni miliampea 1,000, kwa saa 45. Kutoka Ijumaa saa kumi na moja jioni hadi Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi ni saa 61. Gari linalokula miliampea 40 litakuwa limetumia ampea-saa 2.4 tu, na stata haitajua tofauti. Gari linalokula miliampea 300 litakuwa limemaliza ampea-saa 18.3, yaani asilimia 40 ya betri. Sasa angalia siku za kazi. Gari lako limeegeshwa saa 23 na nusu kila siku, kwa hiyo kwa kiwango hicho cha 300 linapoteza ampea-saa 7. Safari mbili za kilomita tatu ni kama dakika 16 za injini kwa jumla. Hata alteneta ikiipa betri ampea 20 muda wote huo, na hicho ni kiwango kizuri sana, itarudisha 5.3 tu. Kila siku unarudi nyumbani na deni dogo, na Ijumaa unaegesha betri ambayo haijajaa. Ndiyo sababu wikendi inaimaliza, na ndiyo sababu safari ya Kisumu inakupa nafuu ya siku chache. Hiyo 300 nimeitoa kama mfano; namba ya gari lako utaipata mwenyewe kwa mita.

Betri kubwa zaidi haitakusaidia. NS70 ni pana kuliko kiti cha betri cha gari lako, na hata ukilazimisha ikaingia, itachelewesha tatizo kutoka Jumatatu hadi Jumanne.

Kabla ya kushika mita, neno moja kuhusu yule fundi aliyechomoa terminali injini ikinguruma. Mtu akikuja tena na kipimo hicho, mkataze. Betri ndiyo inayotuliza umeme unaotoka kwenye alteneta. Ikiondolewa ghafla, volti hupanda kwa kishindo kwa muda mfupi mno, na zinaweza kuunguza regyuleta (inayodhibiti volti) na dayodi (zinazozuia umeme usirudi nyuma) za alteneta, hata kompyuta ya injini. Tena hakipimi chochote: gari linaweza kuendelea kunguruma na alteneta mbovu, au kuzima na alteneta nzima. Kipimo cha kweli ni kile cha fundi wa pili. Volti 14.2 ziko sawa kabisa, maana zinatakiwa ziwe kati ya 13.8 na 14.5 injini ikiwa imewashwa. Lakini zinakuambia alteneta inachaji mchana. Hazikuambii inafanya nini usiku, na hapo tutarudi.

Kwanza ijaze betri. Ukipima gari lenye betri iliyo nusu utapata majibu ya kukupoteza. Ipeleke kwa mtu wa kuchaji au tumia chaja ya nyumbani, kwa ampea 4 hadi 5, saa kumi au zaidi kulingana na ilivyoisha. Usiikubali ile chaji ya haraka ya nusu saa. Ikishajaa, iache usiku kucha bila kuunganishwa, kisha pima asubuhi. Volti 12.6 ni betri iliyojaa; 12.4 imebaki robo tatu, 12.2 imebaki nusu, 12.0 imebaki robo. Ikiwa imechajiwa vizuri na asubuhi inasoma chini ya 12.4, betri hii ya pili nayo imeshaumia. Usishangae, kwa sababu betri ya gari haikutengenezwa iishe. Kila inapolala tupu, chumvi ya risasi hugandamana kwenye bamba zake na uwezo wake hupungua, na sehemu ya uwezo huo hairudi tena. Kuna uwezekano mkubwa kwamba betri yako ya kwanza iliuawa hivyo, wala haikuwa feki. Ikisoma vizuri, iunge na gari na umwombe mtu awashe huku unatazama mita: stata ikizunguka, volti zisishuke chini ya 9.6.

Ukiwa hapo tazama terminali zenyewe. Unga mweupe au wa kijani, au kichwa kinachozunguka kwa mkono, vinatosha kuzuia chaji isiingie. Mwagia maji ya moto yenye magadi ya soda, sugua kwa brashi ya waya, kausha, kaza. Fuata na ule waya hasi hadi unapofungwa kwenye bodi na uhakikishe nati yake haina kutu. Hiyo ni kazi ndogo. Mwizi wetu hayuko hapo.

Sasa msako. Unahitaji mita ya kawaida ya dijitali, ile ya manjano yenye matundu matatu, ambayo haifiki shilingi elfu moja. Kipande cha waya chenye klipu za mamba ncha zote mbili, na klipu nyingine mbili za kushikilia waya za mita. Na spana namba 10. Vua pete na saa ya chuma. Uchague siku ambayo hauna haraka.

Zima kila kitu, toa ufunguo, uuweke mbali na gari. Shusha kioo cha dereva kabla, usije ukajifungia nje. Fungua mlango wa dereva, kisha kwa bisibisi sukuma ile komeo iliyo ubavuni mwa mlango mpaka ijifunge kana kwamba mlango umefungwa. Ukibonyeza mara mbili utasikia klik mbili. Kama taa ya dari inategemea kitufe kilicho kwenye fremu ya mlango, kibane kwa utepe. Unafanya hivi ili uweze kufikia fyuzi za ndani bila gari kujua mlango uko wazi. Kama kuna alamu yenye swichi chini ya boneti, ibane pia.

Kwenye mita, waya mweusi uingie tundu la COM na mwekundu uhame hadi tundu la 10A. Swichi igeuze kwenye 10A. Usianzie kwenye tundu la miliampea, kwani fyuzi yake ndogo itakatika mara moja. Legeza kichwa cha waya hasi wa betri, lakini kabla hujakitoa bana klipu moja ya kile kipande cha waya kwenye nguzo hasi ya betri na nyingine kwenye kichwa cha waya. Kisha nyanyua kichwa kwenye nguzo. Kwa njia hiyo umeme haukukatika hata sekunde moja, redio haikupoteza kumbukumbu, na kampuni ya traka haina sababu ya kupiga simu. Unga mita sambamba na kipande hicho: mwekundu kwenye kichwa cha waya, mweusi kwenye nguzo. Ngoja dakika 30 bila kugusa gari. Kompyuta ndogo ndogo za gari huchukua muda kulala, na watu wengi hukosea hapa, wakasoma mita baada ya dakika mbili wakaona ampea nzima wakaanza kung'oa nyaya. Baada ya muda huo toa kile kipande cha waya, umeme wote upite kwenye mita, usome. 0.03 ni miliampea 30, gari zima. 0.30 ni miliampea 300.

Onyo moja kubwa: mita ikiwa hapo, mtu yeyote asizungushe ufunguo. Stata hutaka zaidi ya ampea mia moja, na mita hizi nyingi hazina fyuzi kwenye tundu la 10A. Itaungua mikononi mwako.

Ukipata namba kubwa, piga picha za visanduku vya fyuzi kwa simu, kimoja kiko chini ya boneti karibu na betri na kingine chini ya dashibodi. Ng'oa fyuzi moja kwa kile kibanio cha plastiki, tazama mita, na kama namba haikushuka iache nje uende inayofuata. Ukizirudisha ovyo unaamsha kompyuta na kungoja kunaanza upya. Anza na zile zilizoandikwa DOME, ECU-B na RAD, kwa sababu ndizo zinazobaki na umeme ufunguo ukitolewa. Namba ikianguka ghafla, mathalani kutoka 0.31 hadi 0.04, mwizi amekaa kwenye njia ya fyuzi hiyo.

Kwa maelezo yako, mshukiwa wangu wa kwanza ni redio. Redio za Japani zilitengenezwa kwa masafa ya FM ya huko, yaliyokuwa yakianzia megahezi 76 na kuishia 90, ilhali zetu ni 88 hadi 108, kwa hiyo magari mengi yanayoingia nchini hubadilishiwa redio na watu wa kufunga vifaa mitaani. Redio ina nyaya mbili chanya. Wa manjano una umeme wakati wote, kazi yake ni kutunza kumbukumbu. Mwekundu unatakiwa upate umeme ufunguo ukiwa kwenye ACC, ile hatua ya ufunguo inayowasha redio, au ON pekee, na ndio unaoiambia redio iwake au ilale. Mfungaji mwenye haraka huunga zote mbili pamoja, na redio haijui kamwe kwamba gari limezimwa. Skrini inaweza kuwa nyeusi, ila ndani kompyuta yake inafanya kazi. Toa ufunguo, rudisha mita kwenye volti na waya mwekundu wa mita kwenye tundu lake la volti, pima waya mwekundu wa redio dhidi ya chuma cha bodi: isome 0. Ikisoma 12, umeshaipata. Hata kama nyaya ziko sawa, ingia kwenye mipangilio ya redio utafute sehemu ya kulala au kuzima baada ya gari kuzimwa. Nyingi za Android hupangwa zisinzie kwa saa au siku kadhaa ili ziwake haraka; ipange izime papo hapo. Itachukua nusu dakika kuwaka asubuhi, lakini betri yako itapona. Kama iliwekwa pamoja na amplifaya ya buti, waya mwembamba wa kuiwasha, mara nyingi wa bluu, nao uchunguzwe vivyo hivyo.

Kama umetoa fyuzi zote na namba haijashuka, mwizi ameungwa moja kwa moja kwenye betri bila kupitia sanduku. Hapo kuna traka na alteneta.

Traka nzuri hulala gari likizimwa na hula miliampea chache. Iliyoharibika, au isiyoshika mtandao mahali unapoegesha, inaweza kukesha ikitafuta mawasiliano. Usiikate mwenyewe, Mwalimu. Kifaa kile ni sehemu ya mkataba wa mkopo. Ipigie kampuni, waambie umepima na gari linakula kiasi gani, uwaombe fundi wao aje atoe fyuzi ya traka mita ikiwa imeungwa. Mkisimama wote wawili mkitazama namba ile ile, hakutakuwa na ubishi. Mwombe pia akuonyeshe rilei ya kuzima injini, yaani ile swichi ya umeme ya traka, ilivyofungwa, maana viungo vilivyosokotwa kwa mkono na kufunikwa kwa utepe mweusi husumbua baadaye.

Alteneta inaweza kuchaji vizuri mchana na bado kuvujisha usiku, kupitia dayodi iliyochoka, na kipimo kile cha terminali kinaweza kuwa ndicho kilichoidhuru. Kuna njia rahisi ya kuishuku: asubuhi, kabla ya kuwasha gari, gusa mwili wa alteneta kisha uguse chuma cha injini jirani yake. Ikiwa injini imepoa na alteneta ina uvuguvugu, inakula. Kuthibitisha, toa terminali hasi ya betri, fungua ule waya mnene ulio nyuma ya alteneta, uufunge kwa utepe usiguse chuma, kisha unga mita upya ungoje na upime. Namba ikishuka, peleka alteneta ibadilishiwe dayodi na regyuleta. Mafundi wa umeme wa magari Kisumu na Kakamega hufanya kazi hiyo, na si lazima ununue nyingine nzima.

Usisahau taa ya buti. Weka simu ndani ikirekodi video, funga buti, fungua baada ya dakika moja utazame kama kulikuwa na giza.

Mpaka umalize msako, endelea kuchomoa terminali hasi Ijumaa, ila wajulishe kampuni ya traka mapema. Hasi ndiyo inayotoka kwanza na kurudi mwisho, ili spana ikigusa bodi kusiwe na shoti. Na jirani akikujampisha tena: waya mwekundu kwenye chanya ya betri yako, kisha chanya ya jirani, mweusi kwenye hasi ya jirani, na ncha ya mwisho kwenye chuma cha injini yako mbali na betri, kwa sababu betri inayochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni na cheche moja inaweza kuilipua. Usikubali kamwe kujampishwa na lori, mengi yana volti 24. Kusukuma nako hakutasaidia, gari lako ni otomatiki.

Ukisharekebisha, chaji betri ijae, rudia kipimo kizima ukiwa umerudisha fyuzi zote, na usiridhike mpaka usome chini ya 0.05. Kisha egesha Ijumaa kama kawaida bila kuchomoa chochote. Jumatatu, kabla ya kuwasha gari, pima betri: ikisoma 12.4 au zaidi, kazi imekwisha. Ikisoma chini ya hapo na mita ilisema gari halili kitu, irudishe betri dukani pamoja na risiti, kadi ya waranti na namba ulizoandika.